Daktari wa Kitabu cha Punda

Hakuwa daktari. Cheo chake kilikuwa cha chini kuliko hicho, na mwenyewe alikisema wazi kwa kila aliyeuliza: alisomea utabibu kwa muda mfupi, akapewa koti jeupe na zahanati ya vyumba viwili huku kwetu Mzenga, akaambiwa aende akawatibu watu. Lakini hospitali ilikuwa mbali kwa mtu mzima na mbali mno kwa mgonjwa, kwa hiyo sisi tulimwita Daktari, na mimi hadi leo sijui kumwita vinginevyo.

Nilikaa miaka bila kumfikiria. Aliyenirudisha kwake ni mwanangu, Mwanahawa, alipofika umri wa kudai hadithi. Tulikuwa tunaishi Mbwawa, Kibaha, nikifundisha shule ya msingi, na ilikuwa ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni ukarudi nyumbani mikono mitupu. Kitabu cha mtoto hakikuwa kitu cha kukiulizia dukani. Alasiri moja mvua imetufungia ndani, mtoto amechoka kila mchezo, nikavuta sanduku la bati kutoka uvunguni, nikatoa kitabu kilichokuwa kimelala chini ya khanga zangu tangu nilipokwenda chuo cha ualimu. Jalada lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kushonea vidonda, na kurasa zilikuwa na madoa ya zambarau ya ile dawa ya kupaka mdomoni.

"Cha nani hiki?" Mwanahawa akauliza.

"Cha Daktari."

"Anaumwa?"

Nikacheka, nikamwambia daktari ndiye anayetibu wengine. Lakini swali lile halikuniacha.

Kitabu kile nilikikuta zahanati nikiwa sijang'oa jino hata moja. Nani alimpa, hakusema. Watu walidhani ni mmisionari mmoja wa Kilutheri aliyerejea kwao wakati wa Uhuru. Kilikuwa cha Kizungu, picha zikijaza ukurasa mzima, maneno machache chini. Punda jike na mtoto wake wanapanda mlima, wamebebeshwa magunia. Hiyo ndiyo hadithi yote.

Mimi nilipelekwa pale na jipu la pajani, mama amenibeba mgongoni, nalia njia nzima. Daktari alikuwa na tabia moja ambayo watu wazima waliiona ni upuuzi: mtoto akiingia, yeye ndiye aliyeamkia.

"Shikamoo, mzee," akaniambia, ameinama.

Mama akanifinya nisijibu.

"Itikia, mzee. Nimekuamkia."

Nikasema marahaba kwa sauti ya mbu. Akanikalisha mezani, akaniwekea kitabu mapajani.

"Huyu nani?"

"Ng'ombe."

"Punda. Na huyu?"

"Mtoto wake."

"Wamebeba chumvi. Upande wa pili wa mlima watu wanakula mboga chapwa, wanawasubiri wao."

"Na hiki cheupe?" Maana mlima mzima ulikuwa mweupe, na hewa nayo imejaa vitu vyeupe.

"Unga. Kule mlimani unga unaanguka kutoka juu."

"Nani anautwanga?"

"Hautwangwi. Unashuka tayari."

Niliduwaa. Kwetu muhogo ulimenywa, ukaanikwa, ukatwangwa mpaka viganja vya mama vikawa kama gome. Nikawa nautazama ule unga, nafikiri tungeweza kukinga mabeseni, na wakati nafikiri hivyo yeye akapasua jipu. Nilipopiga kelele alikuwa ameshamaliza.

Hakuna mtoto wa vijiji vile ambaye hakuijua hadithi ya punda. Karibu na mwisho kulikuwa na picha ya yule mtoto amelala juu ya ule weupe. "Amechoka," Daktari alisema, "anapumzika." Kisha picha ya mwisho: nyumba, mlango uko wazi, ndani kuna mwanga, na yule mama punda amesimama nje peke yake. Kila mtoto aliuliza swali lile lile: mwanawe yuko wapi?

"Yuko ndani," Daktari alijibu. "Ametangulia. Ndiyo maana mlango uko wazi."

Kwa watu wazima alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakuwa na salamu ndefu. Mama akifika na mtoto aliyekonda, kabla hajaketi ameshaambiwa: "Umechelewa. Ungekuja juzi." Babu mmoja, jirani yetu, alikwenda kwake na tumbo lililovimba, Daktari akalibonyezabonyeza, akanawa mikono, akamwambia mbele ya wanawe, "Babu, kama una la kuwaagiza hawa, waagize sasa. Usingoje mavuno." Wanawe walitaka kumpiga. Babu akawazuia, akaenda nyumbani, akagawa mikorosho yake, akafa kabla ya korosho kuiva. Watu walisema Daktari ana ulimi wa kicheche, unanuka mpaka kesho. Yeye alisema, "Mtu mzima ana meno. Atafune ukweli. Mtoto hana, mpe uji."

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliwafokea wanawake kwa kunywesha watoto mizizi, na nyuma ya nyumba yake mwenyewe alipanda mwarobaini, na homa ikimpata alikunywa majani yake huku amefumba macho kama mtoto. Alikataa kuku, alikataa mayai, akisema serikali inamlipa. Lakini ukimkaribisha ubwabwa wa maulidi alikula mpaka wenye shughuli wakaangaliana. Alikuwa Mlutheri, Jumapili hakosi, na hapohapo hakuna matanga ya mtoto wa Kiislamu ambayo hakufika. Alikaa nyuma kwenye mkeka, viatu amevishika mkononi, na dua ikisomwa naye alifungua viganja, midomo imefungwa. Hakumpa mtu pole. Alikaa, kisha akaondoka.

Hotuba hazikumpendeza. Mwenyekiti wa kijiji akizungumza kwa muda mrefu, yeye hunung'unika, "Homa haina masikio." Lakini siasa yenyewe aliiamini, pengine kuliko mwenyekiti. Ulipokuja wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, wazee wetu walilia kuiacha mikorosho na makaburi, wengine wakaezuliwa mapaa ndipo wakatoka. Daktari yeye alifurahi. Miaka yote alikuwa akipanda baiskeli porini kutafuta nyumba moja hapa, nyingine kule. "Sasa nitawafikia wote kwa miguu," alimwambia baba yangu. "Hakuna mtoto atakayenifia kwa umbali."

Tulijengewa mistari kandokando ya barabara, au tuseme tulijijengea, vibanda vya nyasi na makuti, mlango unatazama mlango. Masika yakatukuta humo. Kuta zilikuwa mbichi, moshi haukutoka, watoto walilala wamebanana kama njiti za kibiriti. Surua ilipoingia haikuwa na haja ya kutembea mbali.

Mwanzoni tuliijua kama tulivyoijua siku zote, upele na macho mekundu, mtoto anafunikwa khanga anangojewa. Safari hii haikungojeka. Daktari alipanda baiskeli hadi Kisarawe kuomba chanjo, akarudi na aspirini na ahadi. Akaenda tena. Nilimsikia akimwambia baba, "Nimewafikia wote, na surua nayo imewafikia." Hakusema tena habari ya umbali.

Chanjo ilikuja kwa gari, na gari likazama matopeni bondeni, likakaa huko mpaka vijana walipokwenda kulivuta. Habari zilikuwa zimeshafika. Siku gari lilipoingia kijijini akina mama walikuwa wamejipanga tangu alfajiri mbele ya zahanati, watoto migongoni, mvua imekata, jua kali. Mama yangu alikuwa miongoni mwao, amembeba Zaituni, mdogo wangu, kitinda mimba wake. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimesimama kando nimemshikia ndoo, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Daktari alifungua chupa kubwa ya kuhifadhia baridi. Akatia vidole. Akavitoa, akaviangalia.

"Barafu imeyeyuka," akasema.

"Itakuwa imeyeyuka njiani," mwenyekiti akamjibu. "Wewe fanya kazi, watu wamesimama juani."

"Maji ni ya vuguvugu. Dawa hii imekufa."

"Nani kakwambia imekufa? Imeletwa na serikali hiyo. Wachome, wapate moyo."

"Nikiwachoma leo kwa maji, kesho mtoto akishikwa na homa mama yake atakaa nyumbani, atasema wangu amechanjwa. Atanifia nyumbani."

"Daktari, nakuamuru."

Hakubishana tena. Alitoa zile chupa ndogo za chanjo, akazivunja shingo moja baada ya nyingine, akamwaga mchangani, pale pale, mbele ya mstari mzima. Akawaambia akina mama, kwa sauti ile ile aliyomwambia babu wa tumbo, "Imekufa. Nitaagiza nyingine. Nendeni nyumbani, watengeni wanaoumwa."

Kisha mwanamke mmoja, mama wa watoto mapacha, akapiga magoti akaanza kukusanya ule mchanga wenye unyevu kwenye upindo wa khanga yake. Alijua fika hautamsaidia kitu, lakini aliukusanya. Mama yangu alimfunga Zaituni vizuri mgongoni, akanishika mkono, tukaenda zetu.

Chanjo nyingine ilikuja baadaye, kwenye barafu ngumu kama jiwe. Ilipofika tulikuwa tumeshazika sana. Mapacha wote wawili. Na Zaituni.

Zaituni alifia zahanati, mchana, kwenye mkeka. Chumba kilijaa watoto, na Daktari hakuwa na kitu ila ile dawa ya zambarau, maji ya sukari na chumvi, na kitabu. Aliketi chini, akihama mkeka kwa mkeka. Mdogo wangu macho yalikuwa yameganda usaha, hayafunguki, kwa hiyo Daktari alimwekea kitabu tumboni, akamsimulia picha ambazo haoni. "Hapa pana mlima, mzee. Mweupe wote." Mama alikuwa upande huu, mimi upande ule. Sauti ya Daktari haikutetemeka. Alifika kwenye mlango ulio wazi, akasema yule mdogo ameshaingia, na Zaituni akavuta pumzi, na baada ya hapo nikaona Daktari ameacha kusema, naye mama akaelewa kabla yangu.

Kuanzia hapo watu wakaunganisha mambo. Mtoto anayesomewa kitabu na Daktari anakufa. Ni kweli ndivyo ilivyokuwa, maana aliwasomea waliokuwa na hali mbaya zaidi. Lakini nenda ukamwambie hivyo mama aliyeona kitabu kikifunguliwa. Mwanamke mmoja alimpokonya akakitupa nje kwenye tope. "Mwanangu usimsomee! Mwache mwanangu!" Daktari akatoka, akakiokota, akakifuta kwa koti lake. Hakumsomea mtu tena.

Nilipochaguliwa kwenda chuo, nilipita zahanati kumchukulia mama dawa ya kichwa. Alinipa vidonge, kisha akanipa na kitabu.

"Ondoka nacho. Huku kimekuwa uchawi."

"Nikifanyie nini, Daktari?"

"Hilo si langu."

Muda si mrefu akaondolewa. Walisema aliharibu mali ya umma. Nikasikia amepelekwa kufagia ghala la dawa huko mbali, kisha nikasikia anakunywa, kisha sikusikia kitu.

Sasa mtaelewa kwa nini kitabu kilikaa uvunguni na mimi sikukifungua. Mpaka alasiri ile ya mvua pale Mbwawa. Kiingereza nilikuwa nimekisomea, na nilitaka mwanangu asikie maneno yaliyoandikwa. Nikawa natafsiri polepole. Chumvi haikuwemo, magunia yalikuwa ya kuni. Unga haukuwemo, ilikuwa theluji, na hilo nilikuwa nimeshalijua. Nikafika kwenye picha ya mtoto wa punda aliyelala. Chini yake pameandikwa kwamba mtoto hakuinuka tena, na mama yake alisimama kando yake mpaka mwanawe akawa wa baridi, ndipo akashuka mlima peke yake.

Nikarudia kusoma, nikidhani Kiingereza kimenipotea. Hakikunipotea. Miaka yote ile alikuwa akiyaruka maneno hayo, yule mtu ambaye hakuweza kumdanganya hata babu anayekufa.

"Soma, Mama," Mwanahawa akasema. Akafunua mwenyewe ukurasa wa mwisho. "Mtoto wake yuko wapi?"

Nilimwangalia. "Yuko ndani," nikasema. "Ametangulia."

Akaridhika, akataka tuanze upya.

Kitabu kikawa chake. Alilala nacho, alikula nacho, alimfundisha paka kukisoma. Kisha mama yangu akaja kutoka Mzenga kutusalimia, akakikuta juu ya kitanda. Sikuwa nimefikiria kukificha. Alisimama mlangoni na kikapu chake cha mihogo bado kichwani.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Alinipa mwenyewe, mama."

"Na weye umempa mwanao." Akatua kikapu, akakigeuza kitabu kifudifudi, taratibu, kama anayefunika uso wa maiti. "Yule mtu alimwaga uhai wa Zaituni mchangani, nami nikiangalia."

"Dawa ilikuwa imeharibika, mama. Bila barafu haifai. Ndivyo wanavyofundisha."

"Aliionja? Alimpa nani akafa, tukajua imeharibika? Mgonjwa unampa hata maji ya bomba, ukamwambia ni dawa. Angemchoma tu. Ningekaa nikitumaini." Akakaa kitandani. "Hata siku moja ya kutumaini hakunipa."

Mwanahawa alipoingia akamwonyesha bibi yake punda, na mama akatazama ukutani.

Siku ya kuondoka aliniambia, bila kunitazama, "Nimesikia yupo Kisarawe, kwa mtoto wa dada yake. Ukienda, muulize kama ilikuwa imekufa kweli. Mwambie Mama Zaituni anauliza."

Nikaenda, likizo ilipofika, mimi na Mwanahawa. Nyumba ilikuwa nyuma ya kanisa, imepakwa chokaa nusu. Mpwa wake, mwanamke mpole, alituonyesha chumba cha uani. Daktari alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Mwili ulikuwa umemwisha. Shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye kamba. Hakunuka pombe. Nilimwamkia, akaitikia bila kunijua.

"Mimi ni mtoto wa Mama Zaituni, wa Mzenga."

Mikono ikasimama juu ya ungo. "Zaituni," akasema. "Macho yalikuwa hayafunguki." Akaendelea kuchambua.

Nilitoa kitabu kwenye mkoba. Alikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata. Hakukigusa.

"Nimeyasoma maneno yake," nikamwambia.

"Basi umeona."

"Nimeona."

"Kirudishe mkobani." Nikakirudisha.

Mpwa wake akatuletea uji usio na sukari, akaomba radhi kwa hilo. Mwanahawa alikuwa amechuchumaa kando ya ungo, naye anachambua, anatupa mchele na kuacha mawe. Nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Daktari, mama anauliza. Ile dawa. Ilikuwa imekufa kweli?"

Hakukasirika. Nilitaka akasirike, anikemee kwa sauti yake ya zamani, nirudi nimwambie mama kwamba hana shaka hata kidogo.

"Barafu ilikuwa imeyeyuka," akasema. "Hilo nililigusa kwa vidole hivi."

"Na dawa?"

"Dawa ikifa haibadiliki rangi. Hainuki. Huwezi kuiona." Akayumbisha ungo, mawe yakajikusanya pembeni. "Nafikiri zilikuwa zimekufa zote. Pengine moja ilikuwa hai. Pengine ile ya mwisho, ya chini kabisa. Naiona ile. Nikilala naiona nikiivunja."

Akamgeukia Mwanahawa, akamvuta kwa kiwiko, akamkunja mkono wa gauni mpaka begani. Palikuwa na kovu dogo la mviringo. Akalipapasa kwa kidole gumba.

"Hili ni la chanjo ya kifua kikuu," akasema. "Ya surua haiachi alama. Ya surua huwezi kuiona mkononi." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona ananitambua. "Amechanjwa?"

"Amechanjwa, Daktari. Kule Kibaha."

"Barafu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Uliiona wewe? Kwa macho yako?"

Siku ile ya chanjo nilisimama foleni na wenzangu, nikampa nesi mtoto, mtoto akalia, nikaondoka. Sikuuliza kitu. Hata ndani ya kile kisanduku sikuchungulia.

"Niliiona," nikamwambia. "Ilikuwa ngumu kama jiwe."

Akaukunjua mkono wa gauni, akaunyoosha vizuri mpaka kwenye kiwiko, ndipo akamwachia.